Dizeli ya Mama Mkwe

Kitendawili: nimemlisha kwa juu, amejifungua kwa chini, na mtoto wake laini kama vumbi. Watoto wa siku hizi hawakai nacho. Wanajibu "mashine ya kusaga" na kwenda zao kucheza. Lakini mwaka ule mashine ya toleo jipya iliposhushwa kwenye gari pale kijijini, upande wa Nyarero, hata watu wazima walisimama mbele yake mikono ikiwa midomoni, kama wanaomtazama bibi harusi aliyefunikwa.

Aliyesimama nyuma kabisa alikuwa Mogesi. Alikuwa mjane, mwembamba, msema polepole, na wanawake wa kijiji walikuwa wamemchagua yeye awe mlishaji wa mashine, yaani mtu wa kupokea nafaka na kuimimina kwenye mdomo wake. Alisimama nyuma kwa sababu mbele, na spana mkononi, alikuwepo mkwe wake.

Hapo lazima nieleze kidogo. Wakati wa Operesheni watu walitolewa kwenye miji yao ya vilimani, wakapangiwa nyumba kwa mistari miwili inayotazamana kama meno. Waliochora ile mistari hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Mlango wa Mogesi ukaja kutazamana na mlango wa Marwa, kijana aliyemwoa binti yake Agustina. Na kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wana soni baina yao. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaitani majina, na nguo ya ndani ya mmoja haitajwi masikioni mwa mwingine hata kwa mzaha. Si chuki, ni heshima iliyokomaa mpaka ikawa ukuta. Marwa alipanda minyaa mbele ya mlango wake ili mama mkwe apite bila kuonekana, na Mogesi naye akazoea kukohoa kabla ya kutoka nje. Wakaishi hivyo.

Kisha akaja Katibu Laurian, kijana mpole aliyeletwa na serikali kutoka mkoa wa mbali, naye akagawa kazi. Marwa awashe injini, na Mogesi, kama wanawake walivyochagua, alishe nafaka, chumba kimoja cha bati. Watu waliguna tu. Nani angeanza kumfundisha Katibu mambo ya ukwe mbele ya kadamnasi? Marwa na Mogesi wakabuni njia yao ya pembeni. Marwa alikaa upande wa injini akiwa amegeuza mgongo, Mogesi upande wa mdomo akiwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Wakitaka kuambiana jambo waliiambia mashine. "Wewe mashine," Marwa angesema, "nafaka imezidi." Na Mogesi angejibu, "Mashine, sema nimesikia." Ilifanya kazi mpaka ile mashine ya zamani ilipokufa na wanawake wakarudi kwenye mawe. Sasa ilikuwa imekuja hii.

Fundi aliyekuja kuifunga aliitwa Telesphory, mtu wa Bukoba, mcheshi, suruali imelowa girisi. Alipomaliza kukaza bolti aliwaita wanawake waingie. Mogesi alipokanyaga tu kizingiti, Marwa aliinamisha kichwa na kutokea mlango wa nyuma.

"Hee! Fundi wangu mbona anakimbia?" Telesphory akauliza.

"Mkwewe ameingia," Kezia akamjibu. Kezia alikuwa jirani wa Mogesi, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto.

"Sasa nitamfundisha nani?"

"Tufundishe sisi. Masikio hata wanawake tunayo."

Telesphory akacheka, akaipiga ile injini kofi la mapenzi. "Haya, mama zangu. Huyu ni mwali. Nguvu anazo kuliko yule bibi kizee mliyekuwa naye. Lakini kila mwali ana kasoro ambazo mshenga hakusema. Mimi nazisema. Hata huko kiwandani wanazijua, na wameahidi kwamba toleo litakalofuata litakuwa limetengenezwa. Mpaka siku hiyo, tutaishi nazo kwa kuzizunguka."

Akaanza kueleza. Asubuhi ya baridi haitawaka hata ukizungusha hendeli mpaka mkono ung'oke, kwa hiyo ipewe maji ya moto kwanza kwenye tangi lake la maji. Na ukiimiminia wimbi, ulezi wenu huu, likiwa na unyevu kwa mkupuo, mkanda unaruka. Basi ilishwe kidogo kidogo, na mkanda upakwe nta ya nyuki ushike.

"Kumbe ni mume wangu huyu!" Kezia akapaza sauti. "Asubuhi mpaka umpe cha moto, na ukimlisha kwa pupa anarusha mkanda!"

Kicheko kilitikisa mabati. Wanawake wakatoka nje kuimba na kucheza, ngoma ikaanza, na ndani akabaki Mogesi peke yake na fundi, kwa kuwa mlishaji alipaswa kuoneshwa namna ya kufunga mdomo wa mashine. Hapo Telesphory akapunguza sauti.

"Kuna jingine, mama, nimeligundua juzi tu. Hili nilitaka kumwambia kijana mwenyewe, lakini naona hatarudi, na gari linanisubiri." Alifunua tangi la mafuta, akatoa chujio dogo la waya. "Tazama matundu haya. Wameyafanya makubwa mno. Uchafu wa pipa unapita wote, unakwenda kuua nozeli, kile kipua kinachopulizia mafuta ndani ya injini. Nozeli ikifa, hapa hakuna wa kuifufua mpaka kifaa kitoke Dar es Salaam."

"Dawa yake?"

"Dizeli ichujwe kwa kitambaa kabla ya kumiminwa. Kila siku, bila kuruka. Kanga haifai, ile nguo nyeupe ya marekani haifai, nimejaribu zote. Kitambaa kinachofaa..." Fundi akakuna shingo, akatazama mlangoni. "Unisamehe, mama yangu, wewe ni kama aliyenizaa. Ni shimizi. Lile la nailoni."

Mogesi akavuta kanga yake mbele.

"Utamfikishia kijana?"

"Nitamfikishia," akasema Mogesi.

Shimizi la nailoni kijiji kizima alikuwa nalo yeye, na huenda mke wa mwalimu. Lilikuwa la rangi ya zambarau, lina utepe wa maua chini. Alilinunua mnadani Migori kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, na alilivaa Jumapili tu. Usiku ule alilitoa kwenye sanduku, akalitazama kwenye mwanga wa kibatari. Amwambie nani? Amwambie Agustina, naye Agustina amwambie mumewe, "Chukua shimizi la mama uchujie dizeli"? Marwa angehama kijiji. Mogesi alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Akaamua kwamba atalifanya yeye mwenyewe kwa siku chache, mpaka apate namna nzuri ya kulisema.

Ikawa hivyo. Aliwaambia watu kwamba kuteka mafuta kwenye pipa ni sawa na kuteka maji, kazi ya mwanamke, naye ataifanya. Alfajiri alikwenda nyuma ya ghala, akalitandaza shimizi kwenye mdomo wa debe, akamimina. Chini ilishuka dizeli safi kama chai ya rangi. Juu ya nailoni lilibaki tope jeusi, na matone ya maji yakitetemeka kama macho ya samaki. Alikunja shimizi, akalificha kikapuni chini ya magunzi, akaliweka debe mahali ambapo mkwe wake angelikuta. Marwa alilichukua bila kuuliza. Kwake yeye dizeli ilikuwa dizeli.

Siku chache zikawa nyingi. Mashine ikasaga mtama, ikasaga muhogo mkavu, ikasaga wimbi la kila nyumba, na mawe ya kusagia yakageuzwa kuwa ya kukalia. Wanawake waliokuwa wakipiga magoti kwenye jiwe tangu jogoo la kwanza sasa walilala mpaka kukuche. Foleni ya mashine ikawa baraza lao, wakategeana vitendawili huku wakisubiri zamu.

"Kitendawili!" Kezia angesema.

"Tega!"

"Wawili wanakaa nyumba moja, hawajaonana hata siku moja."

"Macho!"

"Siyo. Nipeni mji."

"Chukua Musoma!"

"Nimekwenda Musoma, nimekula samaki, nimerudi. Wawili hao ni mama Agustina na mkwewe!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Upande wa injini Marwa akajifanya hasikii, na Mogesi naye akacheka ndani ya kanga yake.

Kisha habari zikaja kwamba vijiji vingine vilivyopewa mashine ya toleo lile lile vinalia. Kile cha upande wa Gorong'a mashine yake ilikaa muda mfupi, ikakohoa, ikazima, haikuwaka tena. Wanawake wa huko wakaanza kuja na mizigo vichwani, mwendo wa nusu siku, wasage kwa Mogesi.

"Ninyi mna nini?" waliuliza.

"Sisi tuna Mogesi," Kezia akawajibu. "Mashine inaujua mkono wake. Mwingine akiigusa inanuna."

Neno hilo lilipita foleni nzima, likavuka kijiji. Mama mwenye mkono. Walimwita hivyo kisimani na kanisani. Mogesi, ambaye tangu mumewe afe alikuwa akiitwa kwa kuhurumiwa tu, alilisikia likishuka tumboni kama uji wa moto.

Siku moja mwanamke wa Gorong'a, aliyeitwa Eugenia, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa na mimba kubwa na mzigo wa wimbi. Alimsogelea Mogesi, akapiga goti kidogo kama mtu anayemwomba mganga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi ndiye mlishaji wa mashine yetu. Wanasema niliiua mimi. Fundi alituambia maji ya moto, tukaweka. Akatuambia nta, tukapaka. Ninyi mnafanya nini kingine? Nifundishe, nikawaambie."

Hapakuwa na mkwe pale. Marwa alikwenda kunywa maji. Palikuwa na wanawake wawili tu, na jambo la kusemwa lilikuwa la wanawake. Mogesi alifungua mdomo. Akaona jinsi Eugenia alivyomtazama, yale macho yaliyojaa kumwamini.

"Ni mkono tu, mwanangu," akasema. "Mungu ndiye anayegawa."

Eugenia akashukuru. Akajitwisha unga wake, akaondoka polepole. Mogesi alimtazama mpaka akapotea kwenye mibuni, na siku ile hakucheka vitendawili.

Msimu wa tohara ulipokaribia, kila nyumba ikiwa na wageni na wimbi la kusaga, ikaja habari kwamba dada yake Mogesi amefariki Matongo. Alifunga kanga, akaondoka na watu wa msiba. Njiani alikumbuka dizeli. Alisimama katikati ya njia, wenzake wakampita. Angeweza kurudi. Angeweza kumtuma mtu kwa Agustina. Akajiambia kwamba aliacha debe limejaa, na kwamba siku za msiba si nyingi. Akaendelea kutembea.

Debe liliisha. Marwa, kijana asiyependa kazi ilale, alikwenda mwenyewe kwenye pipa lililobaki mafuta ya chini kabisa, akateka, akamimina. Mashine ilisaga wimbi la watu wawili. Halafu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikatulia na wimbi la mtu wa tatu tumboni.

Mogesi aliporudi kutoka Matongo alisikia mlio kabla hajafika kwenye nyumba ya kwanza. Kru, kru, kru. Mawe. Kila uwanja mwanamke alikuwa amepiga magoti. Hakuna aliyemwimbia. Kezia aliinua kichwa chenye vumbi la wimbi.

"Umesikia? Mkweo ameiua."

"Ameiuaje?"

"Katibu amefungua tangi, amekuta maji na tope. Wanasema ameuza dizeli safi Sirari mpakani, akajazia maji. Hujuma, mwenzangu. Kesho mkutano, na kutoka hapo ni polisi Tarime."

Agustina alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mama yake, mtoto mgongoni, macho yamevimba.

"Mama, pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nimesikia."

"Anaapa kwamba mafuta ni ya pipa lile lile. Mama, wewe ndiye uliyekuwa unateka. Kulikuwa na kitu ulichokuwa unafanya?"

Hilo lilikuwa swali jepesi kuliko kitendawili chochote alichowahi kutegewa. Jibu lake lilikuwa chini ya godoro, la rangi ya zambarau iliyogeuka kuwa nyeusi.

"Nilikuwa nateka tu," akasema Mogesi.

Agustina akamkaza mtoto mgongoni. Kisha akainuka, akazunguka minyaa, akaingia kwake.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Marwa kwenye kiti katikati, amewapa wanawake mgongo kwa sababu mama mkwe wake alikuwemo. Hata siku hiyo, akitazamwa kama mwizi, hakusahau adabu. Mogesi aliuona ule mgongo, shati limemgandia kwa jasho, na alitamani ardhi impokee.

"Ndugu wananchi," akasema Katibu Laurian, na ilionekana kwamba hakuipenda kazi ile. "Mashine ni mali yetu sote. Ndugu Marwa, miezi yote hii mafuta yalikuwa safi. Mara hii yana maji. Maji yalitoka wapi?"

"Sijui, Katibu."

"Nani aliyeteka?"

"Mimi. Kwenye pipa."

"Pipa ni lile lile? Basi mbona zamani halikuwa na maji?"

"Sijui, Katibu."

"Mura, kijana wetu, sema ukweli!" mzee mmoja akafoka. "Usituaibishe. Sirari ulikwenda lini?"

"Sijafika Sirari mwaka huu, tata," Marwa akasema, kama anayemjibu baba yake.

"Anaongopa!" likatoka kundini. "Afungwe!" Mwanamgambo aliyekuwa kaegemea ukuta akasogea. Agustina alianza kulia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa nguo.

Mogesi akasimama. Mwanamke hasemi mbele ya mkwewe, na yeye alikuwa na maneno mabaya zaidi ya kusema. Akageukia ukuta wa ghala, akamnong'oneza Kezia aliyekaa chini yake.

"Kezia. Waambie mkwe wangu hana kosa."

"ANASEMA MKWE WAKE HANA KOSA!" Kezia akapaza ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Watu wote wakageuka.

"Waambie dizeli ya pipa ilikuwa chafu tangu mwanzo."

"DIZELI ILIKUWA CHAFU TANGU MWANZO!"

Katibu akakunja uso. "Mama anaumwa koo? Mbona asiseme mwenyewe?"

"Katibu, hii ni njia yetu, wewe sikiliza," akasema yule mzee, na sauti yake ilikuwa imepoa.

"Waambie fundi alisema ichujwe. Alinipa mimi neno hilo nimfikishie, sikumfikishia. Nilikuwa naichuja mwenyewe."

Kezia akalirudia. Kundi likavuma kama mzinga wa nyuki.

"Ilichujwa na nini?" Katibu akauliza. "Hapa tunahitaji ushahidi, mama. Chujio liko wapi?"

Mogesi akafunika uso mzima kwa kanga. Akanong'ona kitu. Kezia akamtazama, mdomo wazi.

"Nini? Rudia."

Akarudia.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kezia alishusha sauti. "Anasema... shimizi."

"Sema tusikie!"

"SHIMIZI! SHIMIZI LAKE! Mmesikia sasa?"

Marwa aliinama, akaweka kofia yake usoni, akainuka kutoka kwenye kile kiti cha watuhumiwa na kutembea kwenda zake nyuma ya ghala. Hakuna aliyemzuia, hata mwanamgambo. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Halafu mwanamke mmoja akashindwa kujizuia, na mwingine, na kicheko kikapita upande wa wanawake kama moto kwenye nyasi kavu, huku wanaume wakitazama vidole vya miguu yao.

Lililetwa. Kezia alilibeba kwenye ncha ya kijiti, utepe wa maua ukining'inia, weusi wa dizeli umelitapakaa. Katibu, masikio yamemwiva, akaagiza kibuyu cha mafuta ya pipa kimiminwe juu yake. Chini ikatoka dizeli safi. Juu likabaki tope, na matone ya maji. Watu walijipanga kuja kutazama, mmoja mmoja, shimizi la mama mkwe likiwa mbele ya macho ya kijiji, na Mogesi amesimama akiutazama ukuta mpaka wa mwisho alipopita.

"Ndugu Marwa hana hatia," akasema Katibu. "Mkutano umefungwa. Liondoeni hilo, tafadhali."

Na hapo ndipo watu walipomtendea wema, wema uliomchoma kuliko kicheko. Wazee walisema soni imevunjwa, na itasafishwa kwa kondoo, jambo la kawaida. Wanawake walimzunguka. "Pole, mama Agustina. Ulifungwa mdomo na soni, ungefanyaje?" "Mwanamke gani angeyasema hayo kwa mkwewe?" "Umejivua nguo ili umwokoe." Kezia alimshika bega. "Mimi ningeacha afungwe," akasema, na wakacheka tena, kwa upendo. Mogesi aliitikia kwa kichwa. Alilipokea lile pole, akalivaa, na lilimbana.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Agustina, Marwa akiwa kwa wazee. Agustina alikuwa jikoni amepiga magoti kwenye jiwe, akisaga. Mashine ilikuwa bado maiti, na kifaa kilikuwa bado Dar es Salaam.

"Lete nikusaidie."

"Acha tu, mama."

Kru, kru. Mogesi akakaa kwenye gogo.

"Mumeo amesema nini?"

"Amesema mama hana kosa. Amesema soni ni kubwa kuliko mtu." Agustina akasimamisha mkono. "Mama. Soni ni yako na yeye. Mimi na wewe kuna soni gani? Ulinibeba mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nakufulia shimizi lile."

Mogesi akasukuma ukuni mmoja motoni.

"Ningeichuja mimi. Au ningekwambia tufanye pamoja. Siku ile nilipokuuliza kizingitini, mume wangu anapelekwa polisi, ukaniambia ulikuwa unateka tu. Nimekitafuta hiki kitendawili mchana kutwa, nimeshindwa. Nikupe mji gani uniambie?"

Kuni zilipasuka motoni. Mtoto aliguna usingizini. Mogesi angeweza kusema amesahau, angeweza kulia, na binti angemhurumia kama wengine.

"Usinipe mji," akasema. "Nilipenda waseme ni mkono wangu."

Agustina akatazama unga.

"Mwanzo ilikuwa soni kweli," Mogesi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyonong'ona ghalani. "Baadaye soni ikawa kanga tu ya kujifunika. Ningeweza kukuambia siku yoyote. Lakini ukijua wewe, atajua Kezia, watajua wote, na mimi nitarudi kuwa yule mjane wa nyumba ya mwisho."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Na wale wa Gorong'a? Yule mwenye mimba aliyekufuata? Naye ulimwambia nini?"

Mogesi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Agustina hakumgusa, wala hakumfukuza. Alichota wimbi jingine, akaliweka kwenye jiwe, akaendelea kusaga.

Asubuhi, kabla jua halijashika mabati, Mogesi alitoka na kikapu, shimizi likiwa ndani yake. Alipopita mbele ya mashine wanawake walimsalimu kwa ile sauti ya pole, wakamuuliza aendako. "Gorong'a," akasema. Walidhani anakwenda kupunguza mawazo.

Alifika jua likiwa la utosi. Eugenia alikuwa uwanjani kwake amepiga magoti kwenye jiwe, na mtoto mchanga, ambaye siku zile alikuwa tumboni, sasa amelala kwenye ungo kivulini. Alipomwona mgeni aliruka, akajifuta mikono, akakimbilia kigoda.

"Karibu, mama mwenye mkono! Njooni jamani, mama wa Nyarero amekuja! Amekuja kuiamsha mashine yetu!"

Wanawake wakatoka majumbani, mmoja, wawili, kundi. Eugenia alikisukuma kigoda mbele ya mgeni kwa mikono miwili, na Mogesi akaiona mikono ile, viganja vimepasuka kwa jiwe, vidole vimefungwa vitambaa.

Hakukaa.

"Sina mkono," akasema, na safari hii alikuwa amewageukia wote, kanga iko mabegani. "Ulipokuja kuniuliza nilikudanganya, mwanangu. Leta kwanza debe la dizeli. Halafu waambie na wanaume wasogee karibu, nao wasikie."